Shajara ya shela moja, Mbeya: kutoka tarehe ya kanisa hadi kuhifadhi

Shajara hii inafuata shela moja, yaani gauni la harusi, tangu tarehe ilipokubaliwa kanisani mpaka shela lilipofungwa kwenye shuka na kuwekwa. Bibi harusi ananunua kwa mara ya kwanza. Wanaomsindikiza ni mama yake mdogo, matroni na fundi cherehani. Wiki zinahesabiwa kurudi nyuma: tunaanza ya 16, harusi ni ya 0. Ibada ni saa 8 mchana, sherehe ni Uyole kuanzia saa 1 usiku, Jumamosi ya mwisho ya Julai.

Wiki ya 16. Tarehe, masharti, hela

Wiki hii hakuna duka lililoingiwa. Kwanza tarehe imethibitishwa na kuandikwa kwenye kitabu cha ofisi ya kanisa. Wako wanaolipa kianzio cha shela kabla ya hapo, kisha kanisa linasema siku hiyo ina harusi nyingine, na kianzio ndiyo kimekwenda. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla au zaidi, na makanisa mengi hutangaza Jumapili tatu, lakini nafasi ya siku yenyewe inaombwa mapema kuliko hapo. Jumamosi ya kwanza ya Agosti imeachwa makusudi. Wiki ya Nane Nane watu wote wanaelekea viwanja vya maonyesho vya John Mwakangale, na msafara wa harusi uliokwama barabara ya Uyole huwa unamfikisha bibi harusi ukumbini amekunjamana.

Masharti ya mavazi yameulizwa kwa maneno kamili, maana jibu la "avae kwa heshima" halimsaidii fundi. Mabega yafunikwe: je, kwa lesi inayoonyesha ngozi au kwa kitambaa kizito? Mgongo wazi unaruhusiwa hadi wapi? Bibi harusi atapiga magoti mara ngapi? Majibu yaliyopatikana: lesi inatosha mabegani, mgongo usiwe wazi chini ya mstari wa sidiria, kupiga magoti ni mara mbili. Hilo la magoti liandikwe kwa kalamu nyekundu, litarudi.

Bajeti ni Sh 900,000 kwa shela na kila kinachogusana nalo. Mgawanyo ulianzia kwa fundi, na hili ndilo jambo ambalo shajara hii inalisisitiza kuliko yote: hela ya fundi na wiki za fundi zitengwe kwanza, kinachobaki ndicho cha kununulia. Fundi 120,000. Akiba ya dharura 50,000. Gagulo (sketi ya ndani ya kutanua shela) 35,000, veli ya kichwani 40,000, viatu 55,000, nguo za ndani 40,000, kijakti cha baridi 40,000. Shela lenyewe limebakiwa na 520,000. Anayeingia dukani na 900,000 mkononi atatoka na shela la 900,000 lenye urefu wa mtu mwingine.

Wiki ya 15. Vipimo

Vipimo vimechukuliwa kabla ya kuangalia picha simuni. Bibi harusi amevaa sidiria ya aina atakayovaa siku hiyo, isiyo na mikanda, na viatu vya kisigino cha sentimita 7. Futi ya kupimia inalala sawasawa kuzunguka mwili, haibani na haining'inii. Tumbo halivutwi ndani.

Urefu bila viatu sm 162. Kifua 94, chini ya kifua 80, kiuno 76, nyonga 104 pale palipo pana zaidi. Bega hadi kiuno kwa mbele 42. Mkono juu ya kiwiko 31.

Kipimo kinachosahaulika ni kutoka shimo la koo hadi sakafuni, kiatu kikiwa mguuni: sm 140. Hicho ndicho kinachoamua kama shela litaburuzwa au litaelea. Ukipima pekupeku ukasema "tutaongeza ya kisigino", unakosea, kwa sababu mtu akipanda kisigino mgongo na nyonga vinabadilika mkao. Cha mkono nacho kisidharauliwe. Lesi nyingi za mashela hazivutiki, na mkono unaobana kwa sentimita moja humzuia bibi harusi kuinua mikono kumkumbatia bibi yake.

Namba ya saizi isikutishe wala isikufurahishe. Mashela huandikwa namba kubwa kuliko magauni ya kawaida, na kila kiwanda kina hesabu yake. Anayevaa 12 dukani kwingine anaweza kuingia kwenye 14 au 16. Tunafuata sentimita tu.

Wiki ya 14. Mzunguko wa kwanza

Jumanne asubuhi, maduka ya hapa Mbeya: Mwanjelwa, kisha Kabwe, kisha Sokomatola. Jumamosi haifai: wenye maduka wako kwenye kuvalisha na mashela mazuri yako njiani. Kwenye mkoba: viatu vya sm 7, sidiria, futi, kanga ya kujifunga wakati wa kubadili, kamba ya nywele, na shati jeupe la bwana harusi. Usoni hakuna vipodozi. Shela la dukani likipakwa poda shingoni, mwenye duka ana haki ya kukasirika.

Mashela 6 yamevaliwa, si zaidi. Baada ya hapo macho yanachoka na kila kitu kinafanana.

Shela la umbo la samaki, linalobana hadi magotini, linamkaa vizuri akiwa amesimama. Alipoambiwa apige magoti, alihitaji watu wawili kumshusha na watatu kumwinua. Limeondolewa. Shela la kutanuka sana lenye ringi 6 (duara ngumu za kutanua sketi) lilipita mlango wa duka kwa shida, na gari la bibi harusi ni dogo. Limeondolewa pia. Umbo linalobana hadi kiunoni kisha kufunguka taratibu ndilo linalofaa: nyonga za 104 hazidai chochote, vipimo vya kufuatilia vinabaki kifua na kiuno, na goti lina nafasi ya kukunjika.

Rangi inaangaliwa mlangoni, kwenye mwanga wa jua, siyo chini ya taa ya dukani. Nyeupe kali ya poliesta ina ubuluu kidogo, nyeupe ya maziwa ina unjano. Kila moja ni nzuri ikiwa peke yake. Tatizo linaanza zikikaa pamoja: shati jeupe kali la bwana harusi likisimama kando ya shela la rangi ya maziwa, shela linaonekana kama halijafuliwa. Ndiyo maana shati limebebwa. Uamuzi: rangi ya maziwa inampendeza zaidi ngozi yake, kwa hiyo shati la bwana harusi ndilo litakalobadilishwa. Veli itafuata rangi ya shela na itanunuliwa shela likiwa mkononi.

Kila shela limepitishwa kwenye mambo manne: kukaa kwenye kiti, kupiga magoti, kuinua mikono juu ya kichwa, kutembea hatua 20 bila kushika sketi. Mama mdogo alikuwa akishika saa. Lililoshuka kifuani ndani ya dakika 10 za majaribio hayo halitadumu kwa muda wa saa tisa.

Wiki ya 13. Kukodi, kushona, kuagiza au kununua

Kukodi ni nafuu na hakuna mzigo wa kuhifadhi. Ubaya wake uko kwa fundi: maduka mengi hayaruhusu mkasi, yanaruhusu kushikiza kwa mkono tu. Kwa mtu mwenye sm 162 na shela lililotengenezewa mrefu, kushikiza pindo lote ni kuomba lifumuke ukumbini. Tena lipo suala la Jumamosi zinazofuatana. Shela lililorudi Jumatatu na udongo wa Tukuyu linatakiwa liwe limefuliwa na kukauka Alhamisi, na Julai kitambaa kizito kinakauka polepole. Anayekodi aandikiwe hati yenye picha ya shela lile lile, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha, kiasi cha dhamana na kinachohesabiwa kuwa uharibifu. Alichukue Alhamisi, asisubiri Ijumaa usiku.

Kushona kunampa mtu mwili wake kamili, lakini kunataka fundi ambaye tayari ameshashona mashela, na uyaone kwa macho, ndani na nje. Picha haionyeshi bitana, kitambaa cha ndani, iliyokunjamana. Wiki 13 zinatosha kwa fundi wa namna hiyo kama hana foleni. Wengi wao wana foleni hadi Desemba.

Kuagiza Kariakoo, Dar es Salaam, kunafungua uchaguzi mkubwa. Ila ni zaidi ya kilomita 800, shela linakuja kwa basi likiwa limefungwa kwenye kiroba, na anayelichagua huko si anayelivaa. Likikosea kifuani, nauli ya kulirudisha na siku zinazopotea vinakula faida yote. Kama ni lazima, aliyeko Dar apime shela lenyewe kwa futi, kifua na kiuno, atume picha ya futi ikiwa juu ya kitambaa.

Uamuzi: kununua lililo tayari hapa Mbeya, lenye kamba mgongoni badala ya zipu. Kamba inasamehe. Zipu iliyokataa kwa sentimita 2 siku ya harusi haina pa kwenda, lakini mgongo wa kamba unaongezeka au kupungua kwa sentimita kadhaa bila mkasi. Mwenye ujauzito, au anayenyonyesha, amwambie fundi mapema. Ni kazi ya kawaida kabisa kwake, mradi asiigundue kwenye jaribio la mwisho.

Wiki ya 12. Kununua

Shela limepatikana Mwanjelwa. Mikono mirefu ya lesi, kifua chenye vikombe, kamba mgongoni, mkia wa sm 60, pindo lenye lesi ya mawimbi kuzunguka chini yote. Limepimwa likiwa limelazwa mezani: kifua 98, kiuno 81, shimo la koo hadi pindo la mbele 146. Mwili ni 94, 76 na 140. Kubwa kwa kila upande, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kupunguza ni kazi ya mchana mmoja, kuachia kunategemea kitambaa kilichobaki ndani ya mshono. Mashela ya kiwandani mara nyingi yana sentimita 1 au 2 tu ndani, na lenye ovaloki (mshono wa kuzuia kingo zisichanuke) iliyokata ukingoni kabisa halina kitu.

Kabla ya bei, limegeuzwa nje ndani. Vilivyotazamwa: mishono ya kwapani kama imetoboka, vijiti vya plastiki vya kusimamisha kifua kama ncha zake zimefungwa, maana ncha iliyo wazi inachoma mbavu baada ya saa moja, vitanzi vya kamba mgongoni kama vyote vipo na kama vimeshonwa ndani ya mshono au vimegandishwa juu, shanga za kifuani, ambazo matroni alizisugua kwa kidole, tano zikatoka. Shanga zilizogandishwa kwa gundi zitaendelea kudondoka. Zilizoshonwa kwa uzi mmoja mrefu zikikatika sehemu moja zinafumuka mstari mzima. Hizi ni za uzi. Fundi atafunga fundo kila baada ya sentimita 3.

Bei ya kwanza 560,000. Mama mdogo alizitaja shanga tano na doa dogo la kutu karibu na kitanzi cha tatu, kwa upole, shela likiwa mkononi. Limeachiwa kwa 495,000 pamoja na mfuko wa kulifunikia. Risiti imeandikwa rangi, namba ya lebo na neno "limelipwa lote".

Wiki ya 11 hadi ya 8

Kimya. Shela limetundikwa kwa vitanzi vya kutundikia vilivyo ndani kiunoni, siyo kwa mabega ya lesi, ambayo yangevutika kwa uzito. Viatu vimenunuliwa kwa 60,000: kisigino kipana cha sm 7, kwa sababu uwanja wa kanisa ni changarawe na kisigino chembamba kinazama. Anavivaa nyumbani nusu saa kila jioni akiwa na soksi. Gagulo la ringi 3 limepatikana kwa 30,000.

Wiki ya 7. Jaribio la kwanza kwa fundi

Vipo: viatu vyenyewe, sidiria yenyewe, gagulo lenyewe. Fundi hakushika pini mpaka vyote vitatu vilipovaliwa, na yuko sahihi. Gagulo peke yake lilipandisha pindo la mbele kwa karibu sm 2.

Kamba ya mgongoni inaanza kukazwa kiunoni, inapanda, kisha inarudi kushuka, kama kufunga buti. Ikikazwa kuanzia juu, kifua kinasukumwa nje na kiuno kinabaki kimelegea. Kingo mbili za mgongo zikikaa sambamba, zimeachana sm 6 kutoka juu hadi chini, shela limekaa. Hapa zilifanya umbo la V: juu sm 8, kiunoni 3. Maana yake kiuno bado ni kikubwa kuliko kifua. Fundi amechukua sm 1.5 kila ubavu kiunoni, akaishilizia hadi sifuri kwapani. Kiuno cha shela sasa ni 78, nafasi ya sm 2 kwa ajili ya kupumua na pilau.

Sindano ni namba 70, nyembamba. Sindano nene inaacha tundu kwenye satini, na tundu la satini halifutiki hata mshono ukifumuliwa. Kwa sababu hiyo kila mshono ulishikizwa kwanza kwa mkono, ukavaliwa, ndipo ukaenda cherehani.

Wiki ya 6. Urefu

Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwenye shela hili, na ndiyo iliyopandisha malipo ya fundi kutoka 120,000 hadi 135,000.

Mbele panatakiwa pindo lielee sm 1.5 juu ya sakafu, yaani 138.5 kutoka shimo la koo. Shela, likiwa limeinuliwa na gagulo, linashuka 144. Za kupunguza ni 5.5. Kwenye shela lenye pindo tupu, unakata chini na kukunja. Hili lina lesi ya mawimbi chini. Ukikata hapo, umekata ua lililonunuliwa.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kubandua lesi yote ya chini kwa wembe wa kufumulia, kupandisha kitambaa, kisha kuirudisha kwa mkono. Inafaa kama lesi imeshonwa juu ya neti kama mkanda. Ya pili ni kupandisha kutokea kiunoni: sketi inafumuliwa kutoka kwenye kifua, inanyanyuliwa, inashonwa upya. Hapa maua ya lesi yanapanda kutoka pindoni hadi nusu ya sketi, hayabanduki bila kuacha makovu, hivyo ni njia ya pili.

Fundi alifumua kiuno mbele tu, kutoka ubavu hadi ubavu, nyuma pakabaki palivyo ili mkia usipungue. Katikati ya mbele amepandisha sm 5.5, akapunguza taratibu kuelekea mbavuni: 5, 4, 2.5, 1, sifuri. Alama za chaki zilikuwa kila baada ya sm 6, na zilichorwa upande wa ndani. Tatizo linalowashangaza mafundi wapya linatokea hapa: sketi inayofunguka ina mduara mkubwa kila inavyoshuka, kwa hiyo ukiipandisha, kile kilichokuwa chini ya kiuno kinakuja kuwa kiuno na hakilingani tena na kifua. Hapa kilizidi kwa sm 4. Ukizilazimisha zinatoa mikunjo kama mfuko wa sukari. Zimegawanywa kwenye mishono minne ya mbele, sm 1 kila mmoja, ikaishilizwa sm 15 chini. Kila tabaka limefanywa peke yake: lesi ya juu, neti mbili, satini, bitana.

Bitana na satini zimeachwa fupi kuliko lesi, sm 3 na sm 2. Kisigino hunasa tabaka la ndani kwanza, na bibi harusi anayejikwaa ngazi za madhabahu mara nyingi amekanyaga bitana, siyo shela.

Kisha fundi akasema, "Dada, piga magoti." Ringi ya chini ya gagulo ikainuka mbele kama mdomo wa kengele, na miguu ikaonekana hadi ugoko. Tiba: ringi ya chini imetolewa, zimebaki mbili za juu, na mbele ya gagulo umeshonwa mkanda wa neti ngumu badala yake. Akapiga magoti tena mara tatu. Sawa. Anafundishwa pia kusogeza ringi mbele kwa vidole kabla ya kushuka, na matroni kuinyoosha nyuma anapoinuka.

Wiki ya 4. Mkia

Mkia wa sm 60 ni wa kanisani. Ukumbini utakanyagwa kabla ya keki kukatwa. Unakunjwa kwa ndani: riboni tano zimeshonwa upande wa ndani wa sketi ya nyuma, na wenza wake watano sm 45 chini yake. Zikifungwa pamoja, mkia unajikunja chini ya shela. Kila jozi ina rangi yake ya uzi, kwa sababu matroni atakuwa amejikunyata chini ya sketi akitumia tochi ya simu. Riboni hazikushonwa kwenye neti tupu, ambayo ingechanika kwenye rusha roho ya kwanza. Zimepitishwa kwenye mshono, na nyuma ya kila moja kuna kifungo kidogo bapa cha kubeba uzito.

Matroni alifunga mara ya kwanza kwa dakika 14. Mara ya tano, dakika 4.

Wiki ya 3. Veli na baridi

Veli, 40,000, imefikia ncha za vidole. Ndefu kuliko hapo, upepo wa mchana wa Julai unaigeuza bendera. Kitana chake kimeshonewa ukanda wa velveti ili kisiteleze.

Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Makete na Njombe ni baridi zaidi. Satini haina joto lolote. Ukiivaa asubuhi inahisi kama maji. Bibi harusi anayetetemeka anakunja mabega, na mabega yaliyokunjwa yanashusha kifua cha shela. Kijakti cha manyoya mafupi cha rangi ya maziwa, 45,000, kinavaliwa garini na kwenye picha za jioni. Chini ya gagulo kuna taiti ya rangi ya ngozi. Nguo zote za ndani ni rangi ya ngozi, siyo nyeupe, kwa sababu nyeupe ndani ya nyeupe inaonekana.

Wiki ya 2. Jaribio la mwisho

Kifua 93, kiuno 74. Amepungua, kama wengi wanavyopungua kwa pilika za kamati. Fundi alishawishiwa kupunguza tena, akakataa: kamba inamaliza hizo sm 2, na mwili uliopungua kwa wasiwasi unaweza kurudi ndani ya wiki mbili. Tunaunga mkono kabisa. Kingo za mgongo sasa zimeachana sm 4, sambamba.

Wiki ya 1

Alhamisi, shela limechukuliwa. Kunyoosha: mvuke, kutokea ndani, pasi haigusi kitambaa. Satini ikiguswa inanyooshwa nje ndani, moto mdogo, kitambaa cha pamba juu yake. Neti ya poliesta inayeyuka kabla hujasema "tayari", na maji yanayodondoka kutoka kwenye pasi yanaacha duara kwenye satini. Pasi imejaribiwa kwanza kwenye nafasi ya mshono.

Ijumaa, limetundikwa juu ya shuka safi, mbali na jiko la mkaa. Moshi unaingia kwenye neti na hautoki kwa upepo.

Mfuko wa matroni: sindano mbili tayari zina uzi wa rangi ya maziwa, pini za kufunga 10, mkasi mdogo, chaki nyeupe ya kufunika doa, kitambaa cha pamba, maji, akiba ya kamba ya mgongoni mita 3, kanga mbili.

Siku yenyewe

Vipodozi na nywele vimekwisha, kitambaa chepesi kikafunikwa usoni, shela likaingizwa kwa miguu, siyo kwa kichwa. Kuvaa na kukaza kamba: dakika 25. Matroni alikuwa ametengewa 40.

Garini kiti kilitandikwa kanga. Anaingia kwa makalio kwanza, sketi inafuata, ringi zinakunjwa kuelekea kifuani. Vumbi la uwanjani lilishughulikiwa hivi: matroni alibeba mkia mpaka kwenye ngazi, haukugusa udongo mwekundu hata mara moja. Kupiga magoti mara mbili, ringi zikatulia. Saa 3 usiku riboni moja kati ya tano ilifumuka. Nne zikabeba mkia hadi mwisho.

Wiki baada ya harusi

Doa la soda mkononi na la udongo pindoni yalionyeshwa Jumatatu kwa mfuaji wa nguo maalumu, kila moja likiwekewa uzi mwekundu. Soda nyeupe ikikauka haionekani, ila sukari yake inageuka kahawia baada ya miezi, kwa hiyo mfuaji asipoambiwa hataitafuta. Kufua 40,000.

Hesabu: shela 495,000, fundi 135,000, gagulo 30,000, veli 40,000, viatu 60,000, nguo za ndani 38,000, kijakti 45,000, kufua 40,000. Jumla 883,000. Imebaki 17,000.

Mfuko wa plastiki wa dukani umetupwa, maana unafungia unyevu, na unyevu ndio unaoleta unjano na ukungu. Shela limekunjwa kwa upana, karatasi nyeupe zisizo na wino katikati ya kila mkunjo, likafungwa kwenye shuka kuukuu la pamba lililofuliwa, lisilo na rangi. Liko sandukuni juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje. Litafunguliwa na kukunjwa upya upande mwingine kabla mvua za Novemba hazijaanza.